Barua kwa Rafiki Asiyekuwapo

Juzi mjukuu wangu mmoja alinikuta jikoni akaanza kulalamika kwamba Kiingereza cha mtihani wa kuingia chuo ni kigumu. Ana simu inayomtamkia maneno. Ana taa, ana meza, ana chai yenye sukari. Nikamwambia, "Ondoka mbele yangu kabla sijakurushia mwiko." Akacheka, akadhani jaja, bibi yake, anatania. Sikuwa natania. Hasira hii ninayo tangu kabla hajazaliwa yeye na kaka zake wote, na aliyenitia hasira hii alimtendea mama yake.

Basi naandika. Nilisoma madarasa matatu tu, kisha baba akasema mbuzi hawajichungi. Kiswahili nakisoma na kukiandika. Nukta na mikato ataiweka huyo mjukuu, maneno ni yangu, na akibadilisha hata moja nitajua.

Miaka ile ya utawala wa jeshi tulikaa kwenye layini za polisi, nyumba za askari na familia zao, upande wa barabara inayotoka Kawempe kuja mjini Kampala. Mume wangu alikuwa konstebo. Yeye anatoka kaskazini, mimi natoka kaskazini ya upande mwingine, lugha za mama zetu hazikuelewana, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili. Kiswahili cha kambi. Ukikisema sokoni, watu wananyamaza na kuangalia ndizi zao za matoke, wanadhani umetumwa na wanajeshi. Kiganda changu nacho kiliwachekesha. Kwa hiyo tulikuwa watu wenye lugha moja inayotisha na nyingine inayochekesha, na ndiyo maana nilitaka binti yangu awe na ya tatu.

Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alimaliza darasa la nne la sekondari, akataka chuo cha ualimu. Chuo kilipokea mara moja kwa mwaka, kwa mtihani wa Kiingereza: msamiati, sarufi, kusoma na kujibu, na kuandika barua. Baba yake alisema neno moja tu. "Asipopita safari hii, yuko sajini ameniuliza habari zake." Sajini mwenyewe tulimjua. Alikuwa na meno mengi na wake wawili.

Nilimwambia mume wangu, "Atapita."

Akasema, "Kwa vitabu gani?"

Hapo alinipata. Vitabu havikuwapo. Sabuni haikuwapo, chumvi ilitafutwa kama dhahabu, nani angeleta vitabu? Maduka ya Wahindi waliofukuzwa kule Old Kampala yalikuwa yamegawiwa watu wa jeshi, nao waliuza kilichokuwa ndani mpaka mbao za rafu. Vitabu vilivyoachwa ndani ya nyumba viliuzwa kwa mizigo kama kuni, vikaishia kufungia karanga.

Nilijuaje? Nilinunua karanga Kisenyi kwa mama mmoja Mkongo, mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyekimbia kwao mashariki ya Kongo na kukaa na karai lake karibu na magereji. Nilifika nyumbani, nikamwaga karanga kwenye sinia, binti yangu akaikamata ile karatasi kabla sijaitupa motoni. Akasema, "Mama, haya ni mazoezi. Haya ni ya mtihani."

Kesho yake nilikuwa Kisenyi kabla jua halijawa kali.

"Yaya," Mkongo akaniambia, kwao ndiyo dada, "jana ulibeba karanga, leo tena? Unafuga panya?"

"Nataka zilizofungwa kwa kitabu kile cha jana."

Akaniangalia. "Unatafuta karanga ao unatafuta masomo?"

"Vyote viwili."

Alicheka mpaka matiti yakatikisika, akawaita wenzake waje kumwona mwanamke anayechagua karanga kwa karatasi. Lakini alivuta gunia chini ya kiti chake akaanza kupekua. Tangu siku ile aliniwekea. Kitabu chenyewe kilikuwa kimechanwachanwa, na hakuna aliyejua kurasa ngapi zimeshaondoka. Tulipata maswali bila hadithi, na hadithi bila maswali. Kuna familia fulani pale Kisenyi ilikula karanga kutoka kwenye majibu yetu ikayachoma moto, na sijawasamehe mpaka leo, ingawa hawana kosa.

Tulisoma mchana tu, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya wakubwa. Msamiati aliuandika kwa mkaa ukutani, ndani ya nyumba. Ndoo, mlango, paa, hata pua yake, kila neno la Kiingereza juu ya kitu chake. Kwenye mafiga aliandika, kwenye kitanda cha baba yake aliandika. Lakini layini za polisi zina ukaguzi. Kila Jumamosi asubuhi inspekta anapita nyumba kwa nyumba kuona kama kuta ni safi na sufuria zimepangwa, na mke mchafu humtia mumewe matatani. Kwa hiyo kila Ijumaa tulisugua kuta kwa majivu na maji. Maneno yote yanafutwa. Nilimwambia, "Lile usilolijua Ijumaa, inspekta amekula." Akajifunza kwa woga huo, naye alijifunza haraka.

Kusoma kwa sauti ndiko kulikuwa kazi yangu. Mtasema, mwanamke wa madarasa matatu anafundishaje Kiingereza? Nilikuwa natwanga karanga kwenye kinu, yeye anasoma mlangoni penye mwanga. Maana sikuijua. Lakini sauti ya mtu anayejua na sauti ya mtu anayepapasa gizani hazifanani katika lugha yoyote. Sauti ikiyumba, napiga mchi mara mbili ukingoni mwa kinu: koo, koo. Rudi. Anarudi. Ikiyumba tena, koo, koo. Alinichukia. Siku moja alisema, "Mama, hata hujui nilichosoma!" Nikamwambia, "Sijui, lakini najua ulipodanganya." Alirudi mara ya nne, sentensi ikapita laini kama maziwa, nikaendelea kutwanga.

Sasa barua. Mwishoni mwa kitabu, kwenye ukurasa wenye doa la mafuta, palikuwa na zoezi: mwandikie rafiki aliye katika nchi nyingine, umweleze mahali unapoishi. Chini yake palikuwa na mfano. Binti yangu akaandika barua yake, akaisoma. Nikamwambia, "Nieleze kwa Kiswahili." Akanieleza. Kumbe aliandika kwamba tunakaa nyumba yenye bustani ya waridi, na mbwa wetu hulala mbele ya moto wakati wa baridi.

Niliacha mchi. "Mbwa gani?"

"Ndivyo ilivyo kwenye mfano, mama."

"Mbwa wetu ni yupi? Yule mwenye upele anayeiba samaki za mke wa koplo? Na waridi ziko wapi, chooni?"

"Lakini mtahini—"

"Mtahini atakupa alama kwa nyumba ya mtu mwingine? Andika kwetu! Toka nje, tazama, hesabu, rudi uandike. Wewe huna kwenu?"

Akatoka. Nilimwona anatembea kati ya nyumba na kidole kinahesabu. Nilifurahi. Nasema bila aibu, nilifurahi kwa ujinga wangu wote. Aliporudi aliandika nyumba zetu za mabati na safu zake, bomba la maji na ugomvi wake, geti na askari wa zamu na saa ya kubadilishana, malori yanapolala. Na rafiki akamweka Nairobi, kwa sababu mji wa nchi nyingine tulioujua ni huo tu. Aliirudia siku nyingi. Mwisho aliisoma pasipo mchi kugonga hata mara moja, nami sijui Kiingereza lakini niliyajua yale maneno kwa mfuatano wake kama wimbo wa kanisani. Nilisema, "Hiyo sasa ni barua."

Siku ya mtihani tulitoka nyumbani saa moja. Mtihani ulikuwa saa tatu, kwenye shule moja huko juu Old Kampala. Baba yake alibaki akipiga viatu rangi. Nilimwambia binti, "Chukua daftari, upitie njiani." Alivaa sare yake ya zamani ya shule, niliyoipiga pasi kwa pasi ya makaa mpaka ikang'aa.

Kabla ya kufika mjini palikuwa na kizuizi: magogo mawili, gurudumu, na askari jeshi wanne. Tulizoea vizuizi. Unafungua kikapu, unainamisha macho, unapita. Lakini askari mmoja, kijana mwenye jasho, akachukua daftari akalifungua. Kusoma hakujua, hilo nililiona, alilipindua kama mtu anayetafuta nyama iliyooza. Kisha macho yake yakasimama. Jina la mji alilijua, maana maadui wa serikali walikimbilia huko.

"Nairobi! Nani iko Nairobi?"

"Hakuna mtu, afande," binti akasema. "Ni rafiki wa mtihani."

"Rafiki wa mtihani iko wapi?"

"Hayupo, afande."

"Hayupo?"

"Hayupo kabisa. Ni wa kuandikia tu."

Askari akawageukia wenzake. "Munasikia? Anaandikia mtu hayupo. Iko shetani?" Wakacheka. Kicheko chao kilinifurahisha, nikadhani kimetuokoa. Wajinga sisi. "Soma hii kwa Kiswahili," akasema.

Akasoma. Alisimama barabarani na sare yake ya pasi, akageuza barua yake kwa Kiswahili, na ule ulikuwa mtihani wake wa kweli, kama mnaniuliza mimi. Rafiki mpendwa, nafurahi kukuandikia. Tunaishi katika layini za polisi. Kuna safu nane za nyumba. Geti ni moja, na askari wa zamu hubadilishana saa kumi na mbili. Malori matatu hulala karibu na bomba la maji.

Kila neno lilipotoka nililisikia jinsi lilivyo. Safu nane. Nani alimwambia ahesabu? Geti moja. Nani alimwambia atazame?

Hakuna aliyecheka tena.

"Malori unahesabu," askari akasema polepole. "Unahesabu, unapeleka Nairobi."

"Afande," nikasema, "huyu mtoto anakwenda kufanya mtihani wa ualimu. Mimi ni mke wa polisi."

"Ndiyo! Mke ya polisi. Sasa polisi yako anajua munauza geti yake?"

Tulikalishwa chini, kwenye vumbi, kando ya magogo. Nilitandika kanga binti akae, askari akaivuta. Watu walipita wakitazama pembeni, nami siwalaumu, siku nyingine nilitazama pembeni mimi. Jua likapanda. Saa tatu ikapita. Niliijua bila saa, kwa kivuli cha gurudumu. Binti yangu hakulia. Midomo ilikuwa inacheza, na nilipomsogelea nikasikia anarudia maneno ya Kiingereza, ndoo, mlango, paa, pua, kama mtu anayesali rozari.

Hatimaye likaja gari, akashuka mtu wa usalama, wa nguo za kiraia, suruali pana chini na miwani myeusi. Askari wakasimama wima. Wakampa daftari. Akasoma kimya, akafungua ukurasa mwingine, akasoma mazoezi ya sarufi, akarudi kwenye barua. Kisha akatabasamu.

"Nani alikufundisha?"

Binti akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Mama anajua Kiingereza?"

"Hapana," nikasema. "Najua kutwanga."

Alicheka vizuri, kama mtu wa nyumbani. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaweka daftari juu ya boneti ya gari, akapiga mstari chini ya neno moja, na mwisho wa barua akaandika alama. Saba juu ya kumi. Akazungushia duara. Ule mkono ulikuwa umefanya hivyo mara nyingi. "Nilikuwa mwalimu," akasema. "Mtoto ana Kiingereza kizuri. Mambo ya kambi hayaandikwi, binti. Umesikia?" Kisha akachana ukurasa ule taratibu, ili kingo zisiharibike, akaukunja akautia mfukoni. Daftari akamrudishia. "Waende."

Mnisikilize hapa. Yule askari kijana nimemsahau uso. Hakujua kusoma, na mtu huogopa asichokijua. Lakini yule mwingine alijua! Alijua ni zoezi la shule, kwa sababu amelitoa mwenyewe kwa watoto wa watu, ubaoni, kwa chaki. Alijua saa ya mtihani imepita. Angeweza kutuchukua kwa lile gari mpaka mlangoni mwa shule. Angeweza kumwambia yule kijana, huu si ujasusi, hii ni barua ya darasani, waombe radhi. Alitoa saba juu ya kumi. Huyo, hata kama amekufa, naomba asipumzike.

Tulikimbia. Mimi na umri wangu, viatu mkononi, tukiupanda mlima wa Old Kampala. Na sasa nafika mahali ambapo nisingependa kufika, lakini nimeahidi kuandika. Hofu yangu ilitoka ikiwa hasira, na hasira ikamwangukia aliyekuwa karibu. Nilimshika binti mkono nikamwambia, "Usiandike tena kwetu. Umesikia? Hata mtu akuulize. Hata nani akuulize. Kwetu hakuandikwi!"

"Ndiyo, mama."

Pale mlangoni mwa chumba cha mtihani alikuwapo mwanamke mwenye saa ya mkononi. Akatuona, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza. Miaka ile watu wazima hawakuuliza. Alisema, "Imebaki saa moja tu," akamfungulia.

Nilikaa nje chini ya ukuta. Nilijipa moyo. Saa moja inamtosha, nilisema, maneno anayo, sarufi anayo, barua anaijua hata akiwa usingizini.

Alitoka akiwa mtulivu. Tulitembea mpaka chini ya mlima ndipo nikauliza.

"Msamiati?"

"Nilimaliza."

"Sarufi?"

"Nilimaliza, mama. Na hadithi nilijibu yote."

"Na barua?"

Akaendelea kutembea. "Lilikuwa swali lile lile. Rafiki wa nchi nyingine, mahali unapoishi."

Nilisimama katikati ya njia. "Ukaandika?"

Akanigeukia, na uso wake haukuwa na lawama hata kidogo, hilo ndilo lililonimaliza. "Uliniambia nisiandike."

Alikuwa ameandika anwani ya kubuni, tarehe, na "Rafiki mpendwa". Chini yake palikuwa peupe. Angeweza kuandika bustani na mbwa, mtasema. Mjukuu wangu pia alisema hivyo. Lakini bustani na mbwa nilikuwa nimezifukuza mimi mwenyewe kwa mchi, na kwetu nimekuzuia mimi mwenyewe kwa mdomo. Nilimwachia nini?

Orodha ilipobandikwa hakuwamo. Nilikwenda mimi kuitazama, kidole juu ya kila jina, mara mbili. Sikuambiwa alikosa kwa alama ngapi, wala sihitaji kuambiwa.

Mama Mkongo alipoona sirudi kununua, alituma watu kuniuliza. Nilikwenda mara moja tu, kumshukuru. Alikuwa ameniwekea kurasa zilizobaki, amezifunga kwa uzi. Nilimwambia haina haja. Hakucheka. Aliziweka pembeni, akanifungia karanga kwa jani la mgomba.

Mume wangu aliposikia habari za kizuizi, alifunga mlango na dirisha kwanza, ndipo akauliza kama tulitaja jina lake. Alikuwa polisi, na aliwaogopa wanajeshi kuliko mwizi anavyowaogopa polisi. Nilimtupia ndoo. Ilikuwa bado na neno lake la Kiingereza ubavuni, kwa mkaa.

Sajini akaja na meno yake, akamwoa. Sitasema zaidi juu yake, wajukuu wangu watasoma hapa, na baba ni baba. Nasema tu kwamba binti yangu aliuza nyanya miaka mingi mbele ya mlango wake, na kwamba watoto wake wote walijua Kiingereza kabla ya kuanza shule, kwa sababu aliwaandikia ukutani kwa mkaa, na hakuna inspekta aliyekuja kuufuta. Wawili ni walimu. Najivuna, na nitajivuna mpaka kaburini, lakini kujivuna hakuzimi moto huu, na msiniambie unazima.

Kwa sababu hili bado lipo. Mwezi uliopita nilimsindikiza hospitali, macho yanamsumbua. Yeye mwenyewe ni bibi sasa, nywele nyeupe. Karani akampa fomu. Alijaza jina, akajaza umri, mwandiko wake ule ule mzuri wa mtu aliyetakiwa awe ubaoni. Alipofika kwenye mstari wa mahali anapoishi, kalamu ikasimama. Akainua kichwa akanitazama, kama anavyonitazama kila tunapokutana na mstari huo, benki, shuleni, kanisani, popote. Anangoja ruhusa yangu.

Nikapiga meza ya karani kwa fimbo, mara mbili, watu wakageuka.

"Andika!" nikasema. "Andika mtaa, andika nyumba, andika rangi ya mlango. Karani akitaka, mwandikie na safu ngapi."

Akainama, akaandika. Herufi tatu za kwanza ziliyumba.